Barua Aliyoisoma Esperance

Maneno saba. Nimeyahesabu mara mbili, hayazidi hapo. Yalinigharimu rafiki wa miaka sita, na yakawagharimu watu wa Dallas, Fort Worth na Houston, huku Marekani, mwigizaji ambaye hawajapata mwingine kama yeye mpaka leo. Kaa nikusimulie ile Jumamosi ya Houston, mwanangu, maana ukiisikia kwa wengine watanipunguzia makosa kwa heshima ya umri wangu.

Nilikuwa sijafika arobaini na tano, bado najiweka kundi la vijana. Nikiuza vitenge Carrollton. Esperance alikuwa Mkongo wa Uvira, alikaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa Haltom City, na mchana alifunga maboksi ghalani. Huko kambini aliwahi kuigiza michezo ya kufundisha watu kunawa mikono, akajifunza kuonekana na mtu aliyekaa mstari wa mwisho. Huyo mwanamke akibeba ndoo tupu, wewe mtazamaji unaogopa maji yatamwagika.

Miaka hiyo tulikuwa tukitengeneza sinema zetu wenyewe, nazo zilikuwa bubu, na si kwa kupenda. Njoroge, Mkenya dereva wa lori aliyekuwa na kamera, alipiga ya kwanza ikiwa na sauti. Tulipoionyesha, Wakenya walikicheka Kiswahili cha Wakongo, sisi Watanzania tukawa tunasahihisha kila mtu, na watoto wakauliza kwa Kiingereza yule mama anasema nini. Njoroge akachoka.

"Sasa na-cut sauti yote," akasema. "Mtu aigize na uso. Na wewe Bi Zaina, vile unaongea mpaka wenye maduka wanakupunguzia bei ndio uende, utasimama kando na maiki uwaelezee watu."

Ikawa hivyo. Sinema tano, kumbi za makanisa, kuta nyeupe. Esperance ukutani, mimi pembeni nikimsemea. Saa nzima na nusu nazungumza, koo limekauka, halafu taa zikiwashwa watu wote wanakimbilia kwake. Siku moja Fort Worth nilihesabu: alipigwa picha thelathini na moja. Nikarudia kuhesabu, nikapata thelathini na mbili. Mimi nilihusika na moja, nilipoombwa nishike simu niwapige wao.

Nilivumilia hayo mpaka sinema ya tano. Humo Esperance anapokea barua, anaisoma amesimama mlangoni, anaikunja, anakaa chini. Basi. Watu wazima walilia wakijifanya wanakohoa. "Jamani, anavyoisoma ile barua!" Kila mahali ni hivyo tu, anavyoisoma ile barua.

Sasa nikuambie nilichokuwa nakijua peke yangu. Esperance hakujua kusoma. Tangu alipofika, kila karatasi ya shule ya watoto na kila barua ya mwenye nyumba aliniletea mezani kwangu. "Unisomeeko, dada Zaina. Mie sijuake kusoma, lakini usiseme ku watu." Nikisoma, ananitazama. Nilidhani anasubiri maana. Kumbe ananisoma mimi! Ile kuvuta miwani, ile kurudi mstari wa juu, ule mdomo unaotangulia kabla ya macho: vyangu vyote, nikavikuta ukutani. Watu wanalilia uso wangu, na shukrani inakwenda kwake.

Wivu, mwanangu, hauji na jina lake. Kwangu ulikuja kama haki.

Basi Houston. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama. Ikafika barua. Desturi yangu hapo ilikuwa kunyamaza, kumwachia. Siku hiyo sikunyamaza. Nilisogeza maiki nikasema:

"Analia nini, na barua yenyewe hajui kusoma!"

Ukumbi ukacheka. Walidhani ni utani wa msimuliaji. Ila Wakongo wa Haltom waliokuja nasi, si wote waliocheka. Wawili watatu waligeuka kumtazama Esperance alipokaa, na yeye akainamisha kichwa. Hilo ndilo lililothibitisha. Taa zilipowashwa, mama mmoja akamwuliza palepale, kwa huruma iliyo mbaya kuliko matusi, "Ni kweli, mama?"

Kurudi Dallas ni mwendo wa saa nne. Njoroge aliendesha hata redio hakuwasha. Tuliposimama kuweka mafuta, Esperance aliingia dukani, akatoka na chupa ya maji, akanipa. Alikuwa akinipa maji kila baada ya sinema, na ni yeye peke yake aliyewahi kukumbuka koo langu. Hilo sikuwahi kulihesabu.

"Ulikuwa utani tu, Espe," nikasema.

"Batu bote balicheka," akasema. "Na wewe ulicheka. Mie nilikupatiaka sauti yangu, dada. Ulifanya nayo nini?"

Nikarudi garini na ile chupa mkononi.

Hakuigiza tena. Njoroge alipompigia, Esperance akasema ana zamu za wikendi. Karatasi zake zikaenda kusomwa na mwingine. Nimemwomba samahani mara mbili, zote kwa simu, na mara zote akanijibu, "Hakuna shida, dada," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu ili usisikie.

Kwa hiyo shika hili. Mtu akikupa siri yake, au akikuruhusu umsemee, usiiguse amana hiyo siku unayomwonea wivu. Ahirisha. Sema unaumwa, sema gari limekufa. Na ukiona rafiki amechukua kitu chako kikampendeza kuliko wewe, mwambie nyumbani kwake, si mbele za watu. Mungu akupe marafiki wanaong'aa, na akupe kifua cha kuwatazama bila kuungua.

Sasa nami nina shida. Binti wa Njoroge amezitafuta akazipata zile sinema tano, zitaonyeshwa Carrollton mwezi ujao, na wananitaka nisimulie. Esperance amekubali kuja. Nasikia siku hizi anakwenda darasa la watu wazima, anasoma mwenyewe. Ikifika ile barua ukutani, ninyamaze kama zamani, au niwaambie watu wote, yeye akiwa amekaa pale, nilichomfanyia? Kunyamaza kunaweza kuwa woga, na maneno yanaweza kumwumbua mara ya pili. Nimelipima hili huku na huku, sipati. Wewe ungefanyaje, mwanangu? Nishauri.