Muhogo wa Futari

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni Kampala, nikisomea kilimo, nilipopata ruzuku ya safari. Ilitolewa na watu wa Ulaya ambao hatukuwajua hata kwa sura, kwa mwanafunzi atakayekubali kutumia likizo yake ndefu kuchunguza zao moja la chakula katika nchi zetu hizi. Miaka ile ya hamsini jambo kama hilo lilikuwa adimu kwa mwanafunzi Mwafrika. Nami sifichi, niliomba kwa hila kidogo. Mimi ni Mshambaa, kwetu ni milimani, na nilijua kuwa Amani kuna kituo cha utafiti ndani ya msitu, kwenye baridi na maji matamu. Nilijipangia kukaa huko likizo nzima, karibu na mama yangu.

Ruzuku nikaipata, lakini Amani nilikaa siku tatu tu. Mzungu aliyekuwa akisimamia kazi ya muhogo, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alinipa lenzi ya mkononi na daftari mbili.

"Muhogo wa kituoni tunaujua," aliniambia. "Nisichokijua ni hali ya mashamba ya watu. Nenda pwani ukahesabu mimea yenye ugonjwa."

Ndivyo nilivyojikuta katika kijiji kimoja cha Mtang'ata, kusini ya mji wa Tanga, masika yakiwa yamepamba moto. Jumbe wa kijiji aliisoma barua yangu mara mbili, kisha akanipeleka kwa dada yake, mjane wa makamo, ambaye nyumba yake ilikuwa na chumba cha nje chenye mlango wake. Nyumba ya jumbe mwenyewe ilikuwa ukuta kwa ukuta na ile.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali na miguu imelowa. Ingia kwanza, barua baadaye."

Siku nne baadaye ukaandama mwezi wa Ramadhani. Mimi ni Mlutheri, na katika nyumba ile nilikuwa peke yangu nisiyefunga. Nilidhani nitashinda hivi hivi, nile futari pamoja nao. Siku ya kwanza, adhuhuri, nikakuta mlangoni pangu sahani ya wali na samaki, imefunikwa kawa. Nikamfuata mwenyeji wangu uani, nimeona haya.

"Mama, mimi nitangoja futari kama wengine."

"Umenuia kufunga?"

"Hapana."

"Basi unangoja nini? Kula, mwanangu. Usije ukanifanya niulizwe na Mungu kwa ajili yako."

Mwezi mzima alinipikia chakula cha mchana naye koo limemkauka, na hata siku moja hakunionyesha kuwa ni kazi. Mama mkwe wangu, alipokuja kusimuliwa habari hii miaka mingi baadaye, aliniuliza kama nilikuwa namaliza sahani. Nilikuwa namaliza.

Kazi yangu niliifanya kama vitabu vilivyonifundisha. Kila asubuhi nilikwenda mashambani na jumbe, nikipita mstari kwa mstari, nikitazama majani. Ugonjwa nilioujua mimi ulikuwa ule wa majani kujikunja na kuingia madoa ya manjano. Mimea iliyokuwa nao niliihesabu, na isiyokuwa nao niliandika kuwa ni mizima. Shamba la mwenyeji wangu lilikuwa zuri kupita yote. Mihogo imenyooka, majani mapana. Nikaliandika: safi. Baada ya wiki mbili daftari la kwanza lilijaa, nami nikaanza kutunga kichwani sentensi za ripoti, tena za Kiingereza kizito.

Siku moja mvua ilinirudisha mapema. Ilikuwa saa za alasiri, mwenyeji wangu ameketi kwenye kibaraza cha uani akimenya muhogo wa futari. Nikaketi mbali kidogo kuvua viatu vyangu vya matope. Nilipoinua macho nikaona anachofanya. Kila muhogo alioumenya aliukata vipande, na katika kila vipande vitatu au vinne alichimbua kwa ncha ya kisu sehemu ya rangi ya kahawia, kavu kama kizibo cha chupa, akaitupa kwenye maganda.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Sehemu mbovu."

"Muhogo huu umetoka shamba gani?"

Akanitazama kama mtu anayedhani anataniwa. "La kwangu. Si uliliandika juzi?"

Niliokota kile kipande nikakitazama kwa lenzi. Kilikuwa kimeoza, na mmea uliokizaa niliupita mwenyewe nikauandika mzima.

"Huwa hivi kila mwaka?"

"Miaka yote. Ukiuacha sana ardhini, ndani huharibika wote. Ndiyo maana sisi hatuuachi, tunauchimba mapema ungali mdogo. Na ukitazama chini kabisa, majani ya chini huwa yamefifia kidogo. Lakini nani ana haja na majani?"

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza. Nilikuona unatazama majani tu, nikasema labda kazi yako ni majani."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniuma. Niliingia chumbani nikakaa na daftari lile lililojaa. Wiki mbili zimekwenda bure. Sitasema uongo: yalinijia mawazo ya kuliacha kama lilivyo. Yule Mzungu hangejua, na wale waliotoa ruzuku walikuwa ng'ambo ya bahari. Lakini kesho yake asubuhi, mwenyeji wangu aliponiuliza nimeamkaje, nilijikuta namweleza yote, kwamba nilichoandika si kweli, na kwamba ili niandike kweli ingenipasa kung'oa mihogo ya watu niikate. Siwezi kwenda mashambani kung'oa chakula cha watu.

Alifikiri huku anafagia. Kisha akauegemeza ufagio ukutani.

"Kwa nini ung'oe wewe? Mwezi huu muhogo wa futari unang'olewa kila nyumba, kila siku. Wewe kapite asubuhi na kaka yangu, kila mtu akuonyeshe mmea atakaouchimba leo, uutazame majani yake upendavyo, uufunge kitambaa cha kuutambulia. Alasiri nitawaita wanawake waje kumenya hapa kwangu."

Jumbe alicheka sana, lakini alikubali, na akanitafutia kanga kuukuu ya kuchana vitambaa.

Siku ya kwanza walikuja wanawake tisa na mapakacha yao. Waliketi mkekani upande mmoja wa kibaraza, nami upande wa pili na daftari langu jipya. Walimenya, wakakata, wakanionyesha. Muhogo wote mweupe! Mwanamke mmoja aliinua kipande chake juu, akasema, "Andika, bwana. Wangu mweupe kama jino." Wenzake wakacheka, nami nikaandika. Siku ya pili vile vile, mweupe tupu. Nikaanza kujiuliza kama ubovu ni wa shamba moja tu.

Siku ya tatu mwenyeji wangu alisimama akaingia ndani. Alirudi na ungo, akaumwaga katikati ya mkeka mbele ya watu wote. Ilikuwa mihogo yake ya siku ile, imekatwa katikati, na karibu yote ilikuwa na ile kahawia.

"Huu ni wangu," alisema. "Nami ni dada wa jumbe. Nani ana mbovu kuliko mimi?"

Kumbe wanawake wale walikuwa wakichagua nyumbani iliyo mizuri na kuileta, mibovu wakiiacha, kwa sababu nani anataka mgeni aandike katika kitabu cha serikali kwamba shamba lake limeoza? Hakuna aliyeniambia hayo. Yeye aliyajua, na alijua pia kwamba maneno yangu hayatasaidia kitu. Yule wa jino akatia mkono chini ya pakacha lake, akatoa muhogo alioufunika kwa jani, akaukata mbele yangu. Ulikuwa mweusi ndani.

"Haya," akasema. "Na huu andika."

Toka siku hiyo walileta wote, mbovu na mzuri, hata wakawa wakishindana. Wakanipa jina, Bwana Maganda, na watoto wakanifuata nalo hadi kisimani. Kila mmea niliuandika mara mbili: majani yake asubuhi, muhogo wake alasiri. Walinieleza mbegu ipi huoza upesi na ipi huchelewa, na mbegu moja waliyoitoa kwa ndugu zao wa Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, ambayo wiki zote zile ilioza mara chache sana. Ilipofika Idi daftari la pili lilikuwa limejaa, na safari hii nilikuwa na amani nalo.

Niliporudi Amani, Mzungu yule alisoma ripoti yangu kwa muda mrefu.

"Umeyapata wapi haya?"

"Penye kumenya futari," nikamjibu, nikamweleza mambo yote, na kosa langu la mwanzo pia. Hakunikemea. Aliniambia nisilitupe daftari la kwanza, niliambatanishe na la pili, ili anayesoma aone tofauti. Vipandikizi vya Ushongo vilipandwa kituoni. Navyo vilikuja kuoza baadaye, ila vilichelewa kuliko vingine, na vikatumika kuchanganya mbegu.

Sharti moja la ruzuku lilikuwa kuandika barua ya shukrani kwa waliotoa. Niliiandika kwa Kiingereza changu kizuri kuliko chote, na ilikuwa ya kweli kila neno, maana bila wao nisingefika. Nilipoifunga ndipo nikagundua kuwa nimewashukuru watu nisiowajua kabla ya kumshukuru ninayemjua. Tatizo ni kwamba mwenyeji wangu alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu, nami herufi hizo sikuzijua. Kwa hiyo, badala ya kupanda gari la moshi Muheza moja kwa moja, niliteremka hadi Tanga kwa binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini, akanipeleka mtaa wa Makorora kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mtang'ata penyewe nisingeweza kuwahi. Gari lilikuwa linaondoka kesho yake.

Nilisema, mwalimu akaandika. Nilimweleza mama yule kila tulichokiona: mimea mingapi, mbegu zipi, wakati gani muhogo huanza kuoza. Katikati mwalimu akaweka kalamu chini.

"Kijana, ulisema barua ya shukrani. Haya ya muhogo ya nini?"

"Ndiyo shukrani yenyewe, mwalimu. Ni mali yao, nilikuwa sijawarudishia."

Akaniangalia, akaichukua kalamu, akaendelea. Aliandika kurasa nne, na malipo hakutaka.

Majibu yalinifikia Kampala miezi miwili baadaye. Nilimpelekea mpishi mmoja wa chuoni, mtu wa Mombasa, anisomee. Barua yangu, aliandika mama yule, ilisomwa kibarazani mbele ya wanawake wote, mara mbili. Wamekubaliana kupanda mbegu ya Ushongo kwenye nusu ya kila shamba, na nusu nyingine waache walichokizoea, waone wenyewe. Yule wa jino anadai hesabu yake nimeikosea, mibovu yake ilikuwa mingi zaidi. Jumbe ananisalimu. Mwisho aliandika: "Mwanangu, barua yako ina maneno ya mtu anayeaga. Hukuagwa hapa. Likizo ikifika, uje."

Mpishi akaikunja ile karatasi, akanirudishia kwa mikono miwili. Likizo ilipofika, nilikwenda.