Mama Ukutani

Sina picha ya mama. Watu wakisikia hivyo hudhani natia chumvi, maana siku hizi hata mbuzi wa kuuzwa ana picha. Lakini ni kweli. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na kitambulisho chake kikarudishwa serikalini kama sheria inavyotaka. Picha ya pekee iliyokuwa nyumbani ilipelekwa kutengenezea programu ya mazishi, na haikurudi. Programu yenyewe ililiwa na mchwa. Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alinichukua akanilea hapa Malili, ambapo sasa nina duka la nafaka. Kila nilipomuuliza mama alikuwa anafananaje, alinitazama kidogo, kisha akaendelea kupepeta maharagwe.

Mwaka jana binamu yangu anayeishi Mutomo alinitumia picha ya harusi kwenye simu. Ilikuwa imepigwa ndani ya kanisa lao. Nyuma ya maharusi kulikuwa na ukuta uliochorwa: Yesu ameketi kwenye jiwe, na mbele yake mwanamke ameshika mtungi. Binamu aliandika chini yake, "Huyo wa mtungi ndio mama yako. Huku kila mtu mzee anajua."

Nilimpelekea mama mdogo simu. Aliitazama, akakaa juu ya gunia. Akanieleza kwamba zamani kanisa lilimwita fundi wa kuchora mabango ya maduka, amchore yule mwanamke Msamaria kisimani. Fundi hakuwa amewahi kumwona Msamaria, wala kisima cha mawe. Basi alichora kisima anachokijua, shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, na akamwomba mama asimame mbele yake siku nzima ili apate mfano.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungetaka kwenda. Na mimi singeweza kwenda nawe. Singeweza kumwangalia."

Sikuwa mtu wa michoro mimi. Mchoro kwangu ulikuwa ule wa ukuta wa bucha, ng'ombe anayecheka kando ya bei ya nyama yake mwenyewe. Lakini ile picha ya simu niliivuta kwa vidole mpaka ikawa madoadoa matupu. Macho yalikuwepo, na mdomo kama unaotaka kusema kitu, vyote vimefifia kwa vumbi, vidogo kuliko punje ya mtama. Haikunitosha. Nilitaka kusimama mbele ya uso ule wenyewe, nijue pua hii niliitoa wapi. Nikamwambia binamu nakuja.

Kosa langu lilikuwa hilo la kusema. Kwetu mgeni akitangazwa, nyumba huoshwa, na kanisa ni nyumba. Akina mama wa kanisa waliposikia kwamba binti wa yule wa ukutani anakuja kumwona mama yake kwa mara ya kwanza, waliamka mapema wakaenda mtoni kufukua mchanga. Ule ulikuwa mwezi wa kiangazi, na maji yalikuwa mbali chini. Walijaza mitungi, wakaipandisha mlima kwa mgongo. Nilipofika, sakafu ilikuwa bado na unyevu, na kanisa zima lilinuka sabuni ya unga. Walikuwa wamejipanga mlangoni na leso zao za sare. Mmoja akanishika mkono, akaniita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, karibu. Tumekuoshea. Hata uchafu moja haikubaki."

Nikaingia. Yesu alikuwa pale na vumbi lake. Nadhani waliogopa kumsugua, wakampitishia kitambaa tu. Mama walimsugua. Mtungi ulibaki na leso aliyojifunga ilibaki, wekundu wake umefifia. Lakini pale kwenye uso, mahali walipotia bidii kuliko pengine popote, palikuwa na plasta nyeupe tupu. Chini, karibu na ndoo, steelwool ya kusugulia sufuria ilikuwa imelala, imeshika rangi ya udongo.

Nilikasirika. Siwezi kuficha. Nilitaka kuipiga ile ndoo teke, niwaulize nani aliwatuma. Nikasogea karibu na ukuta ili wasinione uso, na hapo kukatokea jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amenionya.

Alikuwa mkubwa. Kwenye simu alikuwa kama kidole. Hapa alikuwa mtu. Fundi alimchora kwa kimo chake, na alimsimamisha chini kabisa, miguu karibu na sakafu. Vidole vya miguu vimezama kwenye mchanga. Mkono ulioshika mtungi una mshipa uliovimba, kwa uzito. Nyuzi za brashi zilikuwa zimenasa kwenye rangi ya kiwiko, na nilipozigusa zilinichoma. Nikageuka, nikasimama kando yake, bega langu kwa lake. Bega lake lilikuwa juu. Maisha yangu yote nilijua nina mama aliyekufa. Sikujua kwamba alikuwa mrefu.

Nikalia, tena kwa sauti, mbele za watu. Akina mama wakafikiri ni furaha, wakaanza kuimba taratibu na kupiga makofi. Niliwaacha waimbe. Wamebeba maji kwa mgongo kwa ajili yangu, ningewaambia nini?

Wimbo ulipoisha, bibi mmoja mfupi aliletwa mbele. Binamu akaninong'oneza kwamba alikuwa rafiki wa mama tangu usichana. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, naye alitembea kwa kushikwa. Viganja vyake vilikuwa bado vimekunjamana kwa maji.

"Uso nilikataa mtu mwingine aoshe," akaniambia. "Nilisema huo ni wangu. Hata ile siku ya mortuary wenzangu waliogopa maiti, ni mimi nilimwosha, nikampaka mafuta. Alikuwa anapenda usafi, huyu."

Nikamshukuru kwa Kikamba, ni muvea, mara mbili. Kisha nikamuuliza lile swali nililomuuliza mama mdogo miaka yote. Alikuwa anafananaje?

Bibi akaelekeza kidevu ukutani, pale penye plasta. Akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki yake sokoni.

"Si unamwona?"

Nikamwambia ndiyo, namwona.