Machweo ya Matope

Lukyan Savvich alichora mabango ya maduka mpaka alipostaafu, kisha akaingia kwenye kuchora mandhari kama wenzake walivyoingia kwenye pombe. Si kwamba pombe aliiacha. Kwenye baridi kali alitia vodka katika maji ya rangi yasigande, na chupa ilipoisha kabla ya picha, majirani hawakuuliza.

Alichora kitu kimoja tu: jua la majira ya baridi likizama ng'ambo ya mto Volga. Lazima pawe na theluji, maana theluji, alisema, hupokea rangi zote za mbingu, waridi hapa, zambarau pale. Mwisho wa vuli, kabla ya theluji, aliudharau. Novemba nzima alilala juu ya jiko kubwa la matofali, penye joto, pazia limefungwa, akisubiri.

Mkewe, Taisia, ndiye aliyetaka hiyo vuli. Mwezi wa Oktoba daktari alimwambia macho yake yanapofuka, na huenda yasiuone mwaka mpya. Alirudi, akavua shali, akapakua supu ya kabichi.

"Lukyan, nichoree jua la hapa dirishani. Na miti mitupu, na matope, na dimbwi la bata. Nilitazame nikiwa bado naona."

"Matope, mama? Watu watadhani nimemwaga chai. Ngoja theluji, nikuchoree picha mpaka mkuu wa makumbusho aje kukupigia magoti."

"Huyo macho yake mazima. Mimi ndiye sina muda."

"Kidogo tu. Theluji iko njiani."

Theluji nayo ikajifanya bibi harusi, ikachelewa. Kila jioni Taisia aligonga jiko kwa mwiko.

"Shuka uone. Leo jua ni kama ganda la kitunguu."

"Funga mlango, baridi inaingia."

Alifunga.

Katikati ya Desemba theluji ikaanguka. Lukyan alivaa mabuti ya sufu, akasimama ukingoni mwa mto mpaka ndevu zikaganda, akachora kuliko alivyowahi kuchora maishani. Na kusema kweli, ilikuwa picha. Akaiingiza ndani, akaiegemeza karibu na taa, akasogea pembeni.

"Haya, mama. Tazama."

Taisia aliukunjua uso wake kwa heshima zote, akaugeuzia samovari, lile birika kubwa la chai.

Hapo Lukyan akajua.

"Kuna matope?" aliuliza Taisia.

Lukyan alifikiria kudanganya. Uongo alikuwa nao mwingi, lakini ule haukutoka.

"Hakuna. Kuna theluji."

"Nilijua. Basi nielezee lile la Novemba. Limeanza kunitoka."

Akavuta pazia; nje palikuwa theluji tupu. Yeye, aliyeweza kukesha akibishana kuhusu aina za rangi ya waridi, Novemba nzima alikuwa juu ya jiko. Jua lile hakuliona hata siku moja.

"Haya, niambie."

"Sikulitazama, Taisia."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Taisia alipapasa kitambaa cha meza mpaka akaufikia mkono wa mumewe.

"Lilikuwa linaanzia chini," alisema. "Kwenye dimbwi kwanza. Mbinguni baadaye."

Lukyan alichukua kalamu ya mkaa, akakaa. Taisia alisema mpaka alipofika kwenye rangi ya miti, akasita, akaanza upya, akasita tena.

"Hapo sikumbuki vizuri," alisema. "Ilikuwa kahawia, au nyekundu? Wewe ndiye mchoraji."

Mkaa ulibaki hewani juu ya karatasi, haujagusa.