Sindano na Vidonge vya Kaka

Kaka yangu alipinda shingo katikati ya misa, mbele ya watu wote wa kigango chetu kule Mgeta. Kichwa kiligeukia bega la kushoto kikakwama hapo, macho yakapanda juu, ulimi ukamtoka nje. Akina mama wakaanza rozari kwa sauti. Mzee mmoja wa jumuiya akasema pepo limegoma kukaa kanisani.

Wiki hiyohiyo alikuwa amechomwa sindano yake ya kwanza mjini Morogoro. Kabla ya hapo alikuwa akisikia watu wasioonekana wakimsema, na siku moja aling'oa njegere zetu zote akidai zimemwagiwa sumu. Hospitali walisema ni skizofrenia, na kwamba sindano ingenyamazisha zile sauti. Kweli zikanyamaza. Ikafuata shingo.

Mama alitaka tumpeleke kwa mganga kule Kinole. Nilikataa. Tukamlaza juu ya matenga kwenye fuso la mboga lililokuwa linashuka mjini, nikamshika kichwa njia nzima. Kilichonitisha ni kwamba alikuwa anaelewa kila kitu. Machozi yalimtoka, na hakuweza kutamka neno.

Daktari, mama wa makamo, alimtazama mara moja tu. Nilimwamkia, lakini hakuitikia mpaka alipokwisha kuagiza achomwe sindano nyingine ya haraka.

"Hili si pepo," akaniambia. "Ni dawa yetu sisi. Mlipaswa kuambiwa mapema."

Shingo ilirudi taratibu huku nikiiona. Kaka akaomba maji.

Daktari akamwandikia vidonge vidogo vyeupe, awe anameza kila siku ili sindano isimkakamaze wala kumtetemesha. Tukarudi mlimani. Akashika jembe tena, na mama akaanza kulala usingizi.

Vidonge navyo vilikuja na mambo yake. Mdomo ulimkauka hata ugali haukushuka bila maji. Alikosa choo siku nyingi. Maandishi ya kitabu cha nyimbo yakawa kama yana ukungu, akaacha kwaya bila kumuaga mtu. Tulipokwenda kliniki kwa sindano tulikuta mhudumu tofauti kila mara, naye aliangalia kilichoandikwa mwanzo, akaandika vilevile. Miaka ikaenda hivyo.

Kisha midomo yake ikaanza kutafuna. Mwanzoni nilidhani ana karanga. Haikuwa na chakula chochote, ilitafuna tu, na ulimi ukichungulia na kurudi. Majirani wakaacha kumtazama usoni. Yeye akaona dawa imekuwa ndogo, akawa anaongeza vidonge kimyakimya. Mchana mmoja tulimkuta kwenye matuta ya kabichi akizungumza na baba, ambaye tulishamzika. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto, na hakunitambua.

Hospitali walisema vidonge vimemzidi, wakamlaza wodini mpaka akili ikamrudia. Safari hii tulimpata daktari yuleyule, sasa ana mvi. Alimwambia atoe ulimi, amshike vidole, atembee. Halafu akavuta kiti karibu.

Alitueleza kwamba vile vidonge vinasaidia kukakamaa na kutetemeka, lakini huku kutafuna ni jambo lingine, limetokana na miaka ya sindano, na vidonge vinaweza kuzidisha kutafuna huko. Angevipunguza kidogokidogo mpaka viishe, na ile sindano angeibadilisha kwa dawa nyingine.

"Kutafuna huku kutaisha?" kaka akamuuliza.

"Kunaweza kupungua. Siwezi kukuahidi kwamba kutaisha."

"Nikiacha dawa zote?"

"Zile sauti zinaweza kurudi."

Midomo ya kaka iliendelea kutafuna. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

"Zilikuwa zinaniambia nimuue mama. Nipe hiyo dawa, daktari."

Nilitazama sakafu. Daktari akaandika.

Ukungu wa macho umemwondoka na choo kimetulia. Sauti hazijarudi. Midomo bado inatafuna, labda kidogo kuliko zamani, labda nimeizoea tu. Wachuuzi wa mboga wanapopanda kutoka Dar, yeye huwageuzia mgongo akaendelea kupalilia, na mimi ndiye ninayeongea nao. Chakula chake anakula nyuma ya nyumba, ameelekea ukutani. Mama akimwita aje kula nasi, anamjibu kwa heshima kwamba ameshashiba.