Majora ya Mwisho ya Studio ya Ekta

Saa tatu asubuhi mjini Nakuru, Ekta amejichimbia ndani ya stoo ya duka la vitambaa la baba yake, mbele ya kinanda cha mbao, na hatulii hata kidogo. Anacheza, anasimama, anapiga makofi, anasikiliza mwangwi.

"Ai! Bado chumba kinajibu," analalamika.

Stoo hii ndiyo studio. Kwa miaka thelathini baba yake, Pradeep, ametungia humu muziki wa filamu, majora ya vitambaa yakiwa yamepangwa hadi darini ili yameze kelele. Ekta, 29, alijifunza kazi akiwa ameyakalia. Sasa siku nyingine mauzo hayafiki hata shilingi elfu mbili, na duka linafungwa kabisa Jumamosi hii. Kila jora likiuzwa, sauti inabadilika.

"Nikirekodi leo, kesho ni kama niko chumba kingine. Nitashikwa na wazimu!"

Atulie vipi? Hii ni filamu yake ya kwanza bila mkono wa baba: mjane wa Molo anarudi nyumbani na kukuta watoto wamehama. Mwelekezi, Awuor, anautaka muziki saa sita. Ukichelewa, atatumia wa zamani wa Pradeep.

"Papa ni Papa, lakini nimechoka kuwa binti ya mtu."

Saa tano anarekodi kipande cha mwisho, macho ameyafumba. Anapomaliza na kugeuka, ukuta uko wazi. Pradeep yuko mlangoni na jora begani. Ameyatoa yote manne yaliyobaki, moja moja, akinyata.

"Papa! Nilikuwa narekodi!"

"Fundi wa sare anangoja, beta, mwanangu. Nifanyeje?"

Machozi yanamlengalenga Ekta. Kwa hasira anamchezea baba yake rekodi aliyoiharibu. Mwanzoni kinanda kinasikika karibu, kwa upole. Kisha majora yanatoka, na sauti inabaki peke yake ikizunguka chumba kitupu. Kwenye skrini, mjane anaingia sebuleni; hata kiti hakuna.

Ekta anakirudisha kipande na kukisikiliza tena.

"Usiguse hapo," Pradeep anasema hatimaye. "Mimi ningefuta, na ningekosea."

Saa sita kasorobo Ekta anautuma muziki. Muda si muda Awuor anapiga simu. "Hapo mwisho mzee amekusaidia, sivyo?"

Ekta anamtazama baba yake. "Amebeba majora tu."

Mwezi ujao anataka kukodi chumba chake mwenyewe, hata kama ni kidogo. Pradeep ameahidi kumpelekea kinanda.

"Na huko," mzee anasema, "nitabisha hodi."