Kioo cha Mwanakombo Kilivyoponea Chupuchupu Kuswaliwa

Mimi sipendi kuchekwa, na anayenijua analijua hilo. Nimeanza maisha kwa kubeba magunia bandarini, shule niliichungulia tu nikatoka, na kila nilicho nacho leo nimekitoa kwenye mgongo huu huu. Basi mkiona nimekaa na kalamu kuandika aibu yangu kwa mkono wangu mwenyewe, jueni nimeshachekwa vya kutosha, na nimeona afadhali mcheke kwa habari ya kweli kuliko ile inayozungushwa vibarazani, maana huko wameshaongeza mpaka jini.

Tulikuwa tukikaa Msambweni. Mimi nikajenga Mikindani, chumba baada ya chumba, kwa sababu watoto wote wameshahamia upande huu, wawili Miritini na mmoja Changamwe, na wajukuu walikuwa wakinijua kwa simu tu (mmoja aliniuliza kama nina miguu, maana siku zote huniona kifuani kwenda juu). Nyumba ikaisha. Nikatangaza tunahama.

Mke wangu, Mwanakombo, hakutaka. Angekataa kwa kelele ningemjibu, kelele naziweza, lakini yeye alikuwa akipepeta mchele na wala hakuinua uso.

"Baba Athumani, huko Mikindani kila mtu na mlango wake. Ukifa huko nani atakubeba?"

"Watanibeba wanangu."

"Wanao ni watatu, na jeneza lina pembe nne. Hapa ukifa wanakubeba Msambweni nzima."

Nikamwambia mimi sihami kwenda kufa, nahamia kuishi. Akaendelea kupepeta. Siku zikapita, hatimaye akakubali kwa sharti moja. Alikuwa na kioo alichopewa na marehemu mamake siku ya harusi yetu, kirefu kama mtu mzima, fremu yake ya mti mzito uliochongwa maua.

"Kioo cha mamangu kikifika kizima, nakaa," akasema. "Kikivunjika, nitajua safari hii haina heri, na mimi narudi na lori hilo hilo lililokileta."

Na Mwanakombo hasemi asilolifanya. Mwaka mmoja nilipoikosoa chai yake aliapa hanipikii tena, nikajipikia mpaka mfungo wa Ramadhani ukaingia.

Akatangulia yeye na binti yetu Rehema, wakaifagie nyumba na kuifukiza ubani. Mimi nikabaki kupakia. Dereva wa lori, Mkamba mmoja mchangamfu aitwaye Mutua, alitaka kuleta vijana wake wa kufunga mizigo. Nikamkatalia. Nimepakia meli miye, nifundishwe kufunga kioo na watoto wa jana? Nikamwambia aje asubuhi akute kazi imekwisha.

Na kazi niliifanya, sidanganyi. Nilikizungushia kioo blanketi, juu ya blanketi nikakaza shuka jeupe jipya, nikakifunga kwa vitambaa mahali patatu, juu, katikati na chini, ili shuka lisifunuke. Nikakilaza chali juu ya kitanda cha kamba alichoniachia marehemu mama yangu, maana kamba hunepa na kioo hakipati mtikisiko. Halafu kwa ajili ya vumbi nikakifunika chote kwa pazia letu la sebuleni, la kijani, lenye nakshi za dhahabu pembeni. Nikarudi nyuma hatua chache nikaitazama kazi yangu, nikajisifu kwa sauti.

Wewe unayesoma umeshaona nilichokitengeneza. Mimi wallahi sikukiona. Na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, na nilitaka majirani wapya wanione kwa mara ya kwanza nikiwa mtu wa heshima, nikavaa kanzu nyeupe na kofia.

Mutua akaja. Tukakipandisha kitanda pamoja, akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, huyu... hii ni nini?"

"Ni kitu kizito kwangu," nikamjibu. "Wewe endesha polepole, mashimo uyakwepe, na usinipigie honi."

Akavua kofia yake. Akazima redio. Tukapita Ukunda, tukashika barabara mpya ya Dongo Kundu (feri niliikwepa makusudi, sikutaka kioo kisukumwesukumwe na watu), na njia nzima kijana hakusema neno. Nikaona huyu amelelewa.

Tulipofika Mikindani tukakuta kichochoro cha kwenda kwangu kimechimbwa mtaro wa bomba la maji, lori haliwezi kupita. Likasimama kwenye lami. Nikasema vingine vitasubiri, kioo kwanza. Tukakishusha kitanda, mimi mbele, Mutua nyuma, tukakitia mabegani. Hatujafika mbali mtu mmoja aliyekuwa akinunua maji dukani akaiacha chupa palepale, akaja mbio, akaniondoa begani kwa upole akaingia yeye. Mwingine akampokea Mutua. Wakaja wengine wawili. Mara wakawa kumi.

Sasa nieleze, kwa wasiokuwa wa pwani. Kwetu jeneza likipita hukai kitako. Unaacha unalolifanya, unatia bega hatua chache, unampisha mwingine naye apate thawabu. Na humuulizi mtu njiani ni nani aliyekufa, maana hujaja kupeleleza, umekuja kubeba.

Mimi nilijua hayo yote tangu utotoni. Lakini nilidhani nini? Nilidhani nimepokewa! Kiburi ni kitu kibaya. Niliwaona wale watu wanavyonyang'anyana kitanda changu nikasema moyoni, kumbe jina langu limefika Mikindani kabla yangu. Mzee mmoja akanishika mkono, "Pole sana, ami." Nikamwambia ahsante, njia ni ndefu. Mwingine akasema, "Mola akupe subira." Nikaitika amina, kuhama kunataka subira kweli. Nikamtuma Mutua arudi, achukue masufuria ayapeleke nyumbani, huku mimi nikitembea mbele kwa mbele na kanzu yangu, nikiwapungia watu wa madirishani. (Hilo la kuwapungia ndilo wanalonikumbusha mpaka leo. "Mfiwa alikuwa akitupungia mkono!")

Nilizindukana waliposhika dhikri. Sauti moja ilianza, "La ilaha illallah," kitanda kizima kikaitika, na mwendo ukaongezeka. Nikatazama lile pazia la kijani, nikatazama yale mafundo matatu ya vitambaa yaliyochomoza chini yake, nikatazama kanzu yangu. Kumbe nimekivika kioo sanda kamili. Wakati huo huo tukaupita mlango wangu.

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Neno moja tu, "Jamani, ni kioo," tungecheka tukamaliza. Lakini fikiria, watu wamefunga maduka, wazee wameacha mikongojo yao wanakimbia nyuma, na mimi nimeshaitika amina mara nane. Nikajiambia nitasema pale kwenye kona. Kona ikapita. Nikajiambia nitasema mlangoni pa msikiti. Mlangoni pa msikiti walinipisha niingie kwanza.

Kitanda kikawekwa mbele. Imamu, kijana mpole mwenye kilemba kikubwa, akaibadilisha khutba yake kwa heshima yangu. Ijumaa nzima ikawa habari ya mauti. Akaeleza jinsi mtu aondokavyo asirudi, na mke abakivyo, na nyumba inyamazavyo, mpaka safu ya nyuma wakaanza kujifuta macho. Nami nikalia. Nililia kwa hofu, lakini machozi hayana rangi, nikasikia jirani yangu akimwambia mwenziwe, "Mwone masikini, alimpenda huyo." Nikazidi.

Tukaswali Ijumaa. Sasa ikawa zamu ya maiti. Imamu akageuka, akaniuliza kwa adabu, kwa kuwa lazima ajue asimame usawa wa kichwa au wa kiuno:

"Ami, maiti ni mwanamume au mwanamke?"

Kuna uongo ambao hata mtu kama mimi hawezi kuusema humo ndani.

"Si mwanamume," nikasema.

"Ni mwanamke?"

"Si mwanamke."

Watu wakatazamana. Imamu akanisogelea, akaninong'oneza, "Ni mtoto, ami?"

"Ni kioo."

Akanitazama kwa huruma, kisha akawaambia wawili waliokuwa karibu, "Mshikeni. Msiba umempanda kichwani." Wakanishika kweli, mmoja ananipepea kwa kofia yake. Mimi napiga kelele, kioo jamani, kioo cha kujitazamia, nao wananiambia ndiyo, ndiyo mzee wetu, tunajua, vuta pumzi.

Alikuwako Mzee Faki, ambaye ndiye mshika funguo za msikiti, mtu mkali asiyependa mambo yasiyoeleweka. Akasema hapana, hapa pana jambo. Akaliondoa pazia, akafungua fundo la juu, akavuta shuka, akavuta blanketi, akainama na miwani yake mizito kumtazama maiti usoni. Na maiti akamtazama yeye.

"Yu hai!" akapiga ukelele. "Wallahi yu hai! Mzee wa ndevu nyeupe, kanitolea macho!"

Akaruka nyuma. Kijana mmoja jasiri akachungulia haraka akarudi. "Si mzee bwana, ni kijana!"

"Nakwambia mzee!"

"Kijana! Ana kovu hapa!" akajigusa shavu lake, lenye kovu.

"Basi wamo wawili!" akasema mtu wa tatu, na hilo ndilo lililowatoa watu. Msikiti ulimwagika nje. Viatu vilivaliwa visivyo jozi, mtu na kiatu cha mwenziwe, wengine peku. Walionishika waliniachia, nami nikakimbilia mbele, nikakilalia kioo kwa kifua, maana katika yote hayo nilikuwa nawaza jambo moja tu, kikikanyagwa hiki, mke wangu ameondoka.

Akabaki imamu. Akaja taratibu, akainama juu ya bega langu, akakitazama kioo. Akakiweka sawa kilemba chake kilichokuwa kimekwenda upande. Kisha akanipa mgongo, akasimama akiukabili ukuta, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa muda mrefu.

Nilitarajia nitolewe kwa matusi. Badala yake wakarudi, mmoja mmoja, wakicheka huku wakitafutana viatu, na Mzee Faki (aliyekuwa bado amenuna) akasema, "Tumeshakibeba kuja, tutakibeba kurudi. Shikeni, na mkivunja mtaniona." Kitanda kikarudi mabegani, mara hii bila dhikri.

Kumbe huku nyumbani mambo yameiva. Mutua alipofika na masufuria alimwambia mke wangu, "Pole mama, hata mimi sikuambiwa kama tumebeba maiti."

"Maiti wa nani?"

"Wamemtoa kwa lori letu, wameenda naye msikitini."

"Ndani ya lori mlikuwa wangapi?"

"Wawili tu. Mimi na mzee."

Mwanakombo akamtazama. Mutua yuko mbele yake, anapumua. Akapiga hesabu yake, akaanguka chini.

Kwa hiyo nilipofika langoni nilikuta wanawake nisiowajua wamejaa uani, moto umewashwa, mchele unachaguliwa, na mmoja mwenye sinia akanizuia kwa heshima. "Wanaume wakae upande ule, baba. Mwenye nyumba amefariki, hajawahi hata kuingia."

"Mwenye nyumba ni mimi," nikasema.

Akaliacha sinia.

Nikaisikia sauti ya Mwanakombo kutoka ndani. "Nilimwambia tusihame! Mume wangu hakuwahi kulala ndani ya nyumba yake! Nani atanigombeza sasa?" Rehema alikuwa amemkumbatia, na Mutua amekaa pembeni akilia kuliko wote. Nikasimama mlangoni. Sijui nilisimama muda gani. Hakuna aliyepata kunililia namna ile, na mimi si mtu wa kupenda maneno laini, lakini nilitamani asinione kwanza.

Akaniona. Kilio kikakatika. Akavua kandambili, akanijia, akanipiga nayo ya kichwa, kofia ikaruka, kisha akaushika ukosi wa kanzu yangu kwa mikono miwili asiuachie.

"Kioo ni kizima," nikamwambia.

"Kioo kitu gani wewe! Kioo kitu gani!"

Nikamweleza yote, pale pale, mbele ya wanawake. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoka mlangoni akatazama nje, umati umejaa kichochoro chote mpaka kwenye mtaro, na kitanda cha mama kiko juu ya mabega ya watu wanne, wengine wakingoja zamu.

"Hawa wote walikubeba?"

"Walibeba kioo."

"Lakini walidhani ni mtu."

"Walidhani ni mtu."

"Na hakuna aliyeuliza ni nani?"

"Hakuna."

Akajifuta uso kwa leso, akaikaza kiunoni, akawageukia wale wanawake. "Basi dada zangu, mchele umeshachaguliwa, usiharibike. Nazi ziko wapi?" Mutua akauliza kama asubiri kumrudisha mama Msambweni. Akapewa kisu akate vitunguu.

Nimeapa sitafunga tena kitu chochote kwa shuka jeupe, hata kiwe mkate. Na nimeapa kwamba nikipokewa mzigo na watu nisiowajua nitasema kwanza ni mzigo gani, kabla sijaanza kupunga mkono. Jina langu hapa mtaani limepotea, naitwa Mzee Kioo, watoto na wakubwa. Kila jeneza likipita Mzee Faki hunitazama mimi kwanza.

Jambo moja tu linanipa shida. Nimemuusia Mwanakombo kwamba siku nitakapokufa kweli, wanifunue uso mpaka pale msikitini, watu wote wapite wanichungulie mmoja mmoja. Kunibeba watanibeba, hilo hana wasiwasi nalo tena. Ila kuniamini, hawataniamini.