Kupumzika Gani?

Naitwa Amisi, mtu wa mji wa Kindu, Kongo, na kabla ya mgongo wangu kuvunjika nilikuwa fundi wa reli. Nilikuwa na mdomo mimi! Karakanani nilitania wakubwa na wadogo, na jioni mke wangu Fatuma alinisikia kabla hajaniona. Nawaambia haya ninyi mlio kitandani, na ninyi mnaowauguza, ili mjue nimetoka wapi.

Vita vilipofika, treni zilisimama, na mishahara nayo. Barabara zikafungwa, hakuna aliyethubutu kwenda mbali na mji. Nikaanza kupanda michikichi kukata ngazi, yale matunda ya kukamua mafuta, kazi ambayo sikulelewa nayo. Wapandaji wenyewe walinicheka. Siku moja baada ya mvua mguu uliteleza. Nilipofumbua macho niliona miguu yangu imelala majanini, nikaiamuru isogee, ikakaa kimya.

Hospitalini daktari alinidunga sindano kwenye nyayo akaniuliza kama nasikia. Sikusikia kitu.

"Njo mugongo umevunjika, papa," alisema. "Hapa hatuna namna ya kupasua, na njia ya kutoka haiko."

Nikarudishwa nyumbani. Haja zote zilinitoka bila kunipa taarifa. Makalioni vikatokea vidonda, kimoja kikachimbika mpaka mfupa ukaonekana. Harufu yake niliivuta mwenyewe mchana kutwa. Mji ulikuwa umefungwa, nami nimefungwa ndani ya mji, ndani ya chumba, ndani ya mwili. Nilichukia kila kitu, hata sauti ya Fatuma akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani.

Basi nikamwambia, "Fatuma, miye nimechoka. Nataka kupumuzika."

Kwetu neno hilo lina maana mbili, na mimi nilishika ile nzito. Nilitaka kufa, na nilitaka anisaidie. Fatuma akasikia ile nyepesi. Akafunga dirisha, akateremsha pazia, akawa anawarudisha watu mlangoni: "Musiingie, anataka kupumuzika." Wenzangu wa reli walikuja, wakarudi. Kila nilipolirudia neno langu, alizidi kunifungia. Mimi nikadhani amenielewa, na kwamba kunifungia gizani ndilo jibu lake.

Nikamgeukia muuguzi aliyekuwa akija kuniosha vidonda. "Munganga, unisaidie nipumuzike."

Yeye alielewa. Aliweka bandeji chini. "Ile siwezi, papa Amisi. Lakini iko mama mumoja, amevunjika kama weye. Nitamuleta."

Mama Zaina aliuza sabuni kwenye soko la mtaa wa Kasuku. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori kabla ya vita, na alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono. Mlango wetu ulikuwa mwembamba, kwa hiyo alishuka, akaingia akijiburuza sakafuni. Nilimfokea. Nilimwambia kama amekuja kunihubiria uvumilivu, arudi na sabuni zake.

"Sikuje kuhubiri," akasema. "Wameniambia unataka kupumuzika. Kupumuzika gani? Kwa kulala, ao kwa kufa?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nililia mpaka makamasi yakanitoka. "Kwa kufa," nikasema.

"Hata miye nilitaka. Siku zingine ningali nataka. Sasa uniambie, nini njo inakuchosha zaidi?"

Nilidhani nitasema miguu. Nilisema harufu, na ule mlango uliofungwa.

Fatuma alikuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi. "Baba Asha! Miye nilifikiri unataka usingizi!" Akakaa chini palepale. Tukatazamana, mimi nikaanza kucheka, kicheko kibaya, naye akacheka huku machozi yakimtiririka. Kisha akainuka, akafungua dirisha.

Mama Zaina hakuniahidi kupona. Alimfundisha Fatuma kunigeuza mara kwa mara, na mimi akanionyesha jinsi anavyojikagua vidonda kwa kioo. Alirudi tena na tena. Siku nyingine nilimwambia bado nataka kufa, akaitikia tu, akabaki. Kwa mtu aliyevunjika kama mimi niliweza kulisema neno lile bila kumtisha, na nilivyolisema ndivyo lilivyopungua uzito. Vidonda vilikawia sana kufunga. Miguu haikurudi.

Sasa nami nina baiskeli ya mikono, nashona viatu karibu na kituo cha treni, na pamoja na Mama Zaina tunawatembelea wengine. Mwaka huu kulikuwa na mwalimu mwenye uvimbe tumboni ambao madaktari walikuwa wameshindwa nao. Alisikia redioni kwamba ziko nchi ambako daktari humsaidia mgonjwa kufa, akaniuliza naonaje. Sikumkemea, wala sikumdanganya kwamba atapona. Tulilizungumza waziwazi kila alipotaka: maumivu, aibu, hofu ya kuwachosha watoto wake. Tukamwita muuguzi, akapata dawa ya maumivu iliyomfaa zaidi. Ugonjwa wenyewe ulimchukua, dirisha likiwa wazi na wanafunzi wake wakiimba uani. Nilimlilia sana.

Namshukuru Mungu, namshukuru Fatuma, na yule mama aliyejiburuza mpaka kitandani kwangu. Nanyi nawaomba kitu kimoja tu. Mtu wako akikuambia anataka kupumzika, usikimbilie pazia. Muulize ni kupumzika gani, kisha ukae chini, usubiri jibu.